Vitabu Vitatu, Wazee Wanne na Maneno ya Shangazi

Karani wa Vifurushi,
Stesheni ya Mpanda,
Jimbo la Magharibi, Tanganyika.
Alhamisi, 8 Agosti 1957

Kwa Mhariri wa ukurasa wa "Elimu Mpya"

Bwana Mhariri,

Naandika nikiwa na afya njema, furaha isiyo na kipimo, na malalamiko matano. Nitaanza na furaha, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia.

Tarehe 22 Juni mwaka huu nilifunga ndoa na Kasilda, mwalimu wa darasa la pili, mzaliwa wa Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Sitaeleza uzuri wake, maana nina stempu moja tu, nami najua kuliko wengi jinsi barua nzito zinavyocheleweshwa. Niseme tu kwamba akichambua maharage kwenye ungo, utadhani kila punje inangoja kwa hamu zamu yake ya kuguswa. Mimi najua Kiingereza zaidi yake, kwa sababu nilifika Darasa la Kumi. Yeye anaelewa mambo zaidi yangu, kwa sababu ni Kasilda.

Siku ya harusi Kasilda aliletwa na shangazi yake, Bibiana, muuza samaki wakavu, mama ambaye hata dereva wa lori humwomba ruhusa kabla ya kuwasha injini. Kwa desturi yetu shangazi ndiye anayemkabidhi bibi harusi, na ndiye anayerudi baadaye kukagua nyumba. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni mbele ya wageni wote, akatuachia maneno matatu. Nayanakili kama alivyoyasema, maana shida yangu yote imo humo:

Kwanza, kila mtu aliyemo katika nyumba hii awe na mkubwa wake humo humo ndani, wa kumheshimu.

Pili, asiwemo mtu wa kujifanya mkubwa wa nafsi yake.

Tatu, mkubwa wa mkubwa wako ni mkubwa wako pia.

"Nyumba isiyo na mkubwa ni mtumbwi usio na kafi," alisema. "Nitarudi mwezi wa nane. Nikikuta hata neno moja limevunjwa, namchukua mtoto wangu akapumzike Karema, mpaka hapa pawe na nyumba ya adabu." Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikaapa mbele ya padri na mbele ya sinia la wali kwamba yote yatatimia. Nilikuwa namtazama Kasilda, Bwana Mhariri. Ningeapa hata kumeza garimoshi.

Wiki hiyo hiyo likafika toleo lako la Juni. Uliandika kwamba wataalamu wa hesabu wa ng'ambo wameanzisha elimu changa iitwayo nadharia ya mifano. Ulieleza vizuri: unachukua maneno machache, kisha unatafuta mahali ambapo maneno hayo yote ni kweli kwa pamoja, na mahali hapo panaitwa mfano wa maneno hayo. Nilikisoma kipande hicho nikiwa nimeegemea magunia ya nta pale stesheni, na nikaona wazi kwamba wataalamu hao walikuwa wamesikia habari za harusi yangu. Maneno ninayo, matatu. Nyumba ninayo, Makanyagio, vyumba viwili. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba nyumba hiyo ni mfano wa maneno hayo, na Kasilda atabaki.

Nikakuandikia kukuuliza kitabu gani kinamfaa mtu anayeanza na kujisomea bila mwalimu. Ulinijibu kwa upole. Ukaniletea vitabu vitatu kwa garimoshi, nichague kimoja na kurudisha viwili. Kama karani wa vifurushi niliupokea mzigo mwenyewe, nikautilia sahihi mwenyewe, nikajishukuru kwa huduma ya haraka.

Shangazi Bibiana anafika keshokutwa, Jumamosi, kwa lori la samaki. Bado sijachagua kitabu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kitabu chenye jalada jekundu kinasema "ni dhahiri" mara thelathini na moja kabla ya kufika ukurasa wa ishirini. Nilihesabu tulipokuwa tukingoja injini ipoe. Kwetu mtu akisema jambo ni dhahiri, huwa anaelekeza kidole. Mwandishi huyu haelekezi, anapita tu, kama mtu anayekusalimu akiwa juu ya baiskeli kwenye mteremko. Ukurasa wa saba nilimsomea Kasilda mara tatu, nikimfasiria. Mara ya tatu akaweka chini chaki zake akasema, "Mume wangu, huyu bwana hajawahi kufundisha darasa la pili. Angewaambia watoto wangu kwamba ni dhahiri, wangemwuliza ni dhahiri kwa nani, naye angelia." Nilimpenda upya hapo hapo, jambo ambalo huchukua muda, na kwa hiyo ukurasa wa nane hatukuufikia.

Isitoshe, kitabu hicho hakiwezi kunisaidia mbele ya Shangazi. Nikimwambia ni dhahiri kwamba nyumba yangu ina adabu, ataniambia nimwonyeshe.

2. Kitabu cha kijani ni karimu wa maswali na bahili wa majibu. Chini ya kila ukurasa mwandishi ameandika kwamba uthibitisho anaachiwa msomaji. Bwana Mhariri, hapa Mpanda hatumkaribishi mgeni mezani, tukamnawisha mikono, kisha tukamwambia kwamba ugali anaachiwa mgeni.

Lakini hilo ningelimeza. Ambalo sikulimeza ni Zoezi la Kwanza. Nilipolifasiri niliona ni maneno ya Shangazi, yote matatu, ila mwandishi aliyaandika kwa mishale badala ya kusimama mlangoni. Na mwishoni akaongeza: thibitisha kwamba nyumba yenye maneno haya, ikiwa na mtu hata mmoja, haina mwisho wa watu.

Nilidhani ni kosa la mchapaji. Nikamwita Kasilda. Tulitwaa maharage ya chakula cha jioni na kiberiti. Kila punje ikawa mtu, na kila njiti ikalazwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mkubwa wake, kichwa cha njiti kikielekea kwa mkubwa. Punje moja ilishindwa mara moja, maana mkubwa wake angekuwa yeye mwenyewe, na neno la pili linakataa. Tukaweka mbili, mimi na Kasilda. Nilijiweka chini ya Kasilda kwa hiari yangu na kwa furaha. Je, mkubwa wa Kasilda humo ndani ni nani? Nikiwa mimi, basi mkubwa wa mkubwa wangu ni mimi, na kwa neno la tatu mimi ni mkubwa wa nafsi yangu. Tukaweka punje tatu, tano, kumi na mbili. Ukizifuata njiti, ama unarudi kwenye punje uliyokwisha kuipita, na hapo kuna mtu aliye mkubwa wa nafsi yake, ama unaendelea kupanda bila kufika. Njia ya tatu hakuna. Maharage yakaisha. Kiberiti kikaisha, tukala viporo baridi.

Hilo ndilo zoezi pekee nililopata kulifanya likatimia, na natamani lingenishinda. Kasilda aliyatazama maharage, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha daftari, "Oswaldi, sisi tuko wawili."

Nakuuliza, Bwana Mhariri, je, ni haki kumwanzishia mtu anayeanza, tena mwenye wiki tatu tu za ndoa, kwa zoezi linalomdai watu wasio na idadi?

3. Ubaya wa kumpa anayeanza kitabu kisichomfaa ni kwamba anaanza. Mimi nilianza. Nilijiambia kwamba safari isiyo na mwisho nayo ina hatua ya kwanza, nikaenda Mwamkulu kumchukua mama yangu, Marselina, awe mkubwa wa Kasilda. Alikuja na jembe lake na kuku wawili, akalala chumba cha mbele. Kwa siku mbili tuliishi vizuri, mpaka Kasilda alipouliza mkubwa wa Mama humo ndani ni nani. Nikarudi Mwamkulu kumchukua kaka yake, Mjomba Damiano, ambaye hukoroma kama tingatinga la mgodini. Mkubwa wa Mjomba je? Nikamleta mjomba wao, Babu Evarist, mtu mzima kuliko wote Mwamkulu, ambaye aliketi kwenye kiti changu, akatutazama mmoja mmoja na kusema, "Haya. Nimefika. Mkubwa wangu mimi humu ndani nani, nyie watoto?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nilizunguka Makanyagio yote nikitafuta mtu aliyemzidi umri. Hatimaye nilimpata Mzee Ubaldo wa Kashaulili, ambaye huuza tumbaku pale sokoni na anasema alikwisha kuota ndevu mwaka wa nzige wakubwa. Alikubali kuja, kwa kuwa aliambiwa kuna kuku. Lakini Babu Evarist naye anasema mwaka huo wa nzige alikuwa na mtoto wa pili. Tangu Jumapili wanabishana, kila mmoja akisema yeye ndiye mkubwa na mwenzake amwamkie, na hakuna aliyetoa shikamoo. Kwa hiyo sasa ninao wazee wawili wasio na mkubwa badala ya mmoja. Kwa hesabu ya kitabu cha kijani, nimerudi nyuma.

Nyumba yangu ina vyumba viwili, nimekwisha kusema. Mama na mizigo yake wamo chumba kimoja, wazee watatu wamo kingine. Mimi na Kasilda wangu tunalala jikoni, kati ya kuni na kitabu cha kijani. Ni wiki ya saba ya ndoa yetu na siwezi kumwambia mke wangu neno tamu bila wazee wanne kuitikia kutoka pande zote. Juzi nilimnong'oneza kwamba macho yake yananifanya nisahau uzito wa vifurushi. Mjomba Damiano akajibu kupitia ukutani, "Karani anayesahau uzito atafukuzwa kazi." Huo nao ni uharibifu uliosababishwa na kitabu, na naomba uuandike kwenye orodha.

4. Kitabu cha kahawia ndicho kilichoniumiza zaidi, kwa sababu ndicho nilichokiheshimu. Jalada linasema kwamba ni cha wanaoanza. Nikakifungua, nikakuta kwamba karatasi zake zimeungana ukingoni, mbili mbili na nne nne, kama mtu aliyejifunika kanga usoni. Ukurasa wa kwanza unasomeka, kisha mtu anakutana na mlango uliofungwa.

Sisi hatuna ushenzi. Bibi harusi anapofika amefunikwa, bwana harusi hamfunui kwa mikono yake. Hungoja. Hutoa zawadi kwa aliyemleta, shangazi hupokea, ndipo kitambaa huondolewa. Nikaelewa mara moja kwamba kwa wataalamu hao nao kuna desturi hiyo, na nikafurahi kuona watu wa mbali wenye adabu. Nikakilaza kitabu kwenye meza, nikakitandikia kitambaa cheupe, nikafunga kuku mmoja wa Mama kwenye mguu wa meza kama zawadi, nikangoja aliyekileta ajitokeze. Nimengoja wiki tatu. Kuku ametaga mayai kumi na moja, na Babu Evarist ameyala tisa. Hakuna aliyekuja kukifunua.

Ukimpeleka bibi harusi kwa watu usimwambie bwana harusi ni nani wa kupokea zawadi, huo ni utani au ni dharau. Sikutaka kuamini kwamba ni dharau, ndiyo maana nimekaa kimya mpaka leo.

5. Lalamiko la mwisho ni dogo lakini linatoka moyoni. Vitabu vyote vitatu, kwenye ukurasa wa kwanza, vinazungumza na msomaji anayesoma peke yake. Kile cha kahawia kinasema "wewe uliye peke yako na kitabu hiki". Mimi siko peke yangu. Nina Kasilda. Kila nikisoma, yeye yuko pembeni akisahihisha madaftari, na nikikwama huinua kichwa kabla sijasema kwamba nimekwama. Je, watu waliooana wasome nini? Au waandishi hao wanadhani mtu akishapata mke hahitaji tena kujua ukweli uko wapi? Mimi nauhitaji zaidi. Kabla sijaoa, maneno yakigongana ningeweza kuhama.

Kwa sababu hizo zote, Bwana Mhariri, naomba mambo matatu, na nimeyapanga kuanzia jepesi.

La kwanza, uchapishe katika ukurasa wako kwamba tangu sasa kila kitabu cha wanaoanza kitaletwa na shangazi wa mwandishi. Akae na msomaji wiki moja, amweleze wapi pana jiko na wapi pana shimo, kisha aende zake. Kama mwandishi hana shangazi, asiandike kwa ajili ya wanaoanza.

La pili, mwandishi wa kitabu cha kijani apandishwe garimoshi na kuletwa Mpanda. Nitampokea mwenyewe kwa mkokoteni. Ataketi kati ya Babu Evarist na Mzee Ubaldo, atathibitisha yupi ni mkubwa wa mwenzake, na uthibitisho huo hataachiwa msomaji.

La tatu, ikiwa hayo mawili hayawezekani kabla ya Jumamosi, basi iombe serikali kwa niaba yangu itupatie kiwanja kisicho na mwisho. Nimepiga hesabu. Nikianzia mlangoni kwangu Makanyagio, nikajenga vyumba mfululizo kupita Mwamkulu na kuendelea mpaka ufukoni mwa ziwa, vyumba vitakuwa vingi lakini vitaisha, na mzee wa chumba cha mwisho atauliza swali la Babu Evarist. Kwa hiyo sihitaji kiwanja kikubwa. Nahitaji kisichoisha. Na mabati yake. Wazee wa kujaza nitatafuta mwenyewe, nimekwisha kupata uzoefu.

Usinione mtu wa fujo. Sikuomba kuwa mtaalamu. Niliomba kitabu kimoja cha kunionyesha kwamba panaweza kuwapo mahali ambapo maneno ya Shangazi ni kweli yote, na mimi na Kasilda tukiwa hapo. Akiondoka Kasilda kwenda Karema, nyumba itakuwa na vitabu vitatu, wazee wanne, na mimi. Sitahitaji tena kitabu cha kunifundisha kitu kisichowezekana ni nini, maana nitakuwa naishi ndani yake.

Kasilda anakusalimu, anasema usikasirike, kwamba kwa kawaida mimi ni mpole. Mama Marselina anakusalimu na kuuliza kama umeoa. Mjomba Damiano anakusalimu kwa kukoroma. Babu Evarist na Mzee Ubaldo wanakusalimu pia, lakini kila mmoja ameomba salamu zake zitangulie, kwa hiyo zisome zote mbili kwa pamoja. Wasalimie wote wa ofisini, na yule aliyefunga mzigo wa vitabu kwa kamba nzuri kiasi kile.

Nakaa nikingoja jibu, nikiwa na heshima kwako na mahaba kwa mke wangu,

Oswaldi
Karani wa Vifurushi

Nyongeza. Jumapili, 11 Agosti.

Barua hii haikuondoka, kwa kuwa garimoshi la barua ni la kesho. Naiongezea kurasa, na stempu ibebe inavyoweza.

Ijumaa Kasilda alirudi kutoka sokoni Kashaulili, akabandika maji ya ugali. Wakati maji yakichemka alivuta kitambaa kwenye kitabu cha kahawia, akachukua kisu cha kukatia sukuma wiki, akaanza kukata kingo za karatasi. Mimi nilishika mwimo wa mlango. Aliniambia bila kugeuka kwamba nilimsubiri yeye afunuliwe siku ya harusi, na nilifanya vizuri, lakini kitabu hakina ndugu. Kumbe mchapaji hukunja karatasi kubwa na kuishona hivyo hivyo, msomaji akate mwenyewe. Kurasa zilifunguka. Kuku alitaga yai la kumi na mbili.

Ni kitabu kizuri mno, Bwana Mhariri. Kinaeleza kila kitu taratibu, kama Kasilda. Ukurasa wa tatu, ambao ulikuwa mezani kwangu wiki tatu chini ya kitambaa, unasema hivi: neno linaloanza na "kila aliyemo" halidai chochote mahali ambapo hamna mtu. Ukisema kila aliyemo chumbani amevaa kofia, na chumbani hamna mtu, hujasema uongo. Anayebisha na amtoe mmoja asiye na kofia.

Kasilda alisoma mstari huo mara moja. Akaniambia, "Kesho wote tutoke nje."

Jumamosi asubuhi wazee waliondoka kurudi makwao. Babu Evarist hakukubali kutanguliwa na Mzee Ubaldo, wala Mzee Ubaldo na Babu Evarist, kwa hiyo walitoka mlangoni bega kwa bega na bawaba moja ikang'oka. Mama na Mjomba wakafuata. Mimi na Kasilda tukafagia, tukatoka, tukasimama uani tukiwa tumeshikana mikono mchana kweupe. Hilo peke yake lilinitosha.

Lori lilifika saa nne. Shangazi Bibiana alipiga hodi mara tatu kwenye nyumba isiyo na mtu. Kasilda akamwamkia kutoka uani, akapiga goti, akasema, "Ingia Shangazi, ukague. Ukimkuta humo hata mtu mmoja asiye na mkubwa wake, mtoe tumwone."

Aliingia. Alitazama chini ya kitanda. Alitazama nyuma ya gunia la mahindi, akainua hata kinu. Tulimsikia akisema, "Kuku huyu naye mkubwa wake nani?" Kasilda akamjibu kwa adabu kwamba kuku si mtu. Kisha Kasilda akasogea mlangoni, akasema kwa sauti ile ya kusahihisha daftari, "Ila Shangazi, sasa umo wewe. Na mkubwa wako humo ndani ni nani?"

Shangazi alitazama kushoto. Akatazama kulia. Akatoka nje, akasimama barazani, na maneno yake yote matatu yakawa kweli. Akaingiza mguu mmoja, akafikiri, akaurudisha. Ndipo alipokaa chini kwenye mkeka wetu akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani, na dereva wa lori akazima injini bila kuruhusiwa.

Alipomaliza kucheka alijifuta macho. "Nyie watoto," alisema. "Nilikuja kuchukua mtoto. Nitachukua maneno." Ameondoka nayo leo baada ya misa, yote matatu, pamoja na mayai matatu na kuku mweupe. Kasilda amebaki.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko yangu yote. Kitabu cha kahawia kinamfaa kabisa anayeanza. Viwili vingine navirudisha kwa garimoshi la kesho, nimekwisha kujitilia sahihi. Mwandishi wa kitabu cha kijani asisumbuliwe, alisema kweli: aliandika "ikiwa na mtu hata mmoja", nasi tulipita maneno hayo kama vile tumepita kwa baiskeli kwenye mteremko. Kiwanja hatukihitaji.

Jambo moja tu, na libaki kati yetu. Ukurasa wa tisa unasema kwamba wataalamu wengi hawakubali nyumba tupu. Kwao, nyumba ili iitwe nyumba lazima awemo mtu angalau mmoja. Tuliusoma jana jioni, tukatazamana. Kasilda ameugandisha tena ukingoni kwa uji wa muhogo. Tumekubaliana kuufungua siku nyumba hii itakapokuwa na watu watatu, na yule wa tatu awe mdogo kiasi kwamba mkubwa wake hatutamtafuta mbali.